Nzi wa Nguo Zilizofuliwa

 

Mwaka wetu wa kwanza katika parishi moja ya Pwani, mtoto wetu mchanga alitoka majipu sita mgongoni. Mama mmoja alisema ni jicho la watu. Mwingine akanong'ona kwamba nyumbani kwa kasisi hawajui kufua. Neno hilo lilimliza mama mtoto, maana nepi zilifuliwa kila siku kwa sabuni, zikaanikwa chini ya mwembe zisichakazwe na jua.

Kumbe shida ilikuwa kile kivuli. Yuko nzi wa rangi ya manjano na kahawia, ambaye wengi humwita nzi wa embe. Makao yake ni Afrika, kusini ya Sahara, tangu Senegal, ambako wataalamu walimwandika katika karne ya 19, hadi huku kwetu. Hapendi jua kali. Hutafuta mchanga wenye mkojo, au nguo mbichi kivulini, akataga mayai 100 hadi 300. Siku chache baadaye funza huanguliwa, naye aweza kungoja hapo zaidi ya juma zima pasipo chakula. Akiguswa na mwili wenye joto hupenya, wala mtu hasikii. Hukaa ndani siku 8 hadi 12, akipumua kwa tundu dogo juu ya jipu, kisha hudondoka na kujizika udongoni. Mbwa na panya nao huwabeba sana.

Muuguzi alipaka mafuta mazito juu ya kila tundu. Funza wakakosa hewa, wakachungulia, akawatoa mmoja mmoja kwa utaratibu asiwapasue. Kisha akatuuliza, "Nepi mwazipiga pasi?" La. Makaa yetu tuliyawekea kanzu ya Jumapili!

Tangu jioni ile nepi zilitangulia, pande zote mbili, na hasa penye mishono, kanzu ikangoja. Asiye na pasi na aanike kambani penye jua hadi zikauke kabisa, asitandaze nyasini. Au aziweke majuma mawili kabla ya kuzivaa. Tulilitangaza jambo hili kanisani kabla ya mahubiri, na wazee wawili wakanung'unika kwamba hayo si ya madhabahuni.

Siku zikapita. Yule mama aliyenong'ona akabisha hodi usiku, mjukuu mgongoni, akiomba pasi. Tulimpa, na makaa yake yangali mekundu.