Dirisha la Posta na Kuhesabu Viti



Mmenitaka niseme machache juu ya desturi ya Waingereza katika kusaidiana, kwa kuwa mbele yetu liko pendekezo la kumtuma mjumbe nyumbani kwa kila mwanachama aombaye msaada, akaikague hali yake kabla hajapewa kitu.

Husemwa kwamba Mwingereza hupenda makaratasi. Nionavyo mimi huyanung'unikia sana, ila huona afadhali kujaza karatasi kuliko kumsihi mtu. Malipo ya uzeeni yalipoanza kwao Januari 1909, shilingi 5 kwa juma kwa maskini aliyetimiza miaka 70, wazee walizipokea katika dirisha la Posta, wala si katika ofisi ya maskini, ambayo wengi waliiogopa kuliko njaa.

Kisha ikaja sheria ya bima ya mwaka 1911. Mfanyakazi mwanamume alitoa peni 4 kila juma, tajiri wake peni 3, Serikali peni 2, na stampu zikabandikwa katika kadi. Akiugua alipata shilingi 10 kwa juma, na vyama vya kusaidiana, mfano wa hiki chetu, vilikuwa miongoni mwa vilivyokabidhiwa kazi ya kulipa. Mjumbe wa chama aliweza kuja kutazama kama ni mgonjwa kweli. Hakuja kuhesabu viti.

Viti vilihesabiwa mwaka 1931, kazi zilipoadimika. Aliyekwisha kulipwa majuma 26 ya bima alipelekewa mkaguzi, na mshahara wa mtoto aliyekaa naye ukahesabiwa kuwa riziki ya baba. Vijana wengine wakahama kwao ili wazazi wasipunguziwe. Waliobuni mpango huo walikusudia kuweka akiba ya Serikali. Nyumba za watu ndizo zilizogharimika. Hata William Beveridge alipotoa taarifa yake mwaka 1942, alishauri msaada ulio mkubwa utokane na mchango wa mtu, pasipo kupima mali yake.

Sisemi tulipe ovyo. Huko nako, aliyepungukiwa na stampu alipunguziwa malipo, na sisi tunao wenzetu wenye kadi tupu.

Basi, Bwana Mwenyekiti, kabla ya kura naomba kamati ituambie: mjumbe huyu anakwenda kutazama ugonjwa na msiba, au anakwenda kuhesabu viti?