Afya ya Daktari Mpasuaji na Usalama wa Mgonjwa



Mwaka huu tumesikia manung'uniko ya wanachama ambao jamaa zao walirudishwa nyumbani siku ya kupasuliwa, kwa kuwa daktari alishikwa na mafua. Wameuliza: Je, mafua nayo ni ugonjwa wa kumzuia mtu kazi? Swali hili lastahili jibu.

Watu wapatao watatu katika kila kumi huchukua puani vijidudu viitwavyo stafilokoki, wala hawaugui. Vikiingia katika jeraha huleta usaha, na pengine mauti. Mwaka 1996 waganga wa Marekani walieleza habari za mwenzao aliyekuwa navyo. Alipoambukizwa mafua kwa makusudi ili apimwe, alivitawanya hewani mara 40 kuliko alipokuwa mzima. Kitambaa cha kufunika pua na mdomo kilivipunguza sana.

La pili ni zito zaidi. Katika miaka ya 1991 na 1992, huko Los Angeles, mpasuaji mwenye homa ya ini ya aina ya B aliwaambukiza wagonjwa 19. Hakuwa mzembe, glavu alivaa. Wachunguzi walimwambia afunge mafundo ya uzi kwa muda wa saa nzima, kama afanyavyo kazini. Vidole vyake vikachanika kidogo, na virusi vya maradhi vikaonekana ndani ya glavu zake. Ndiyo sababu twasisitiza kwamba kila mpasuaji apate chanjo ya homa hiyo, nayo ipo.

Basi hatuwezi kumsifu daktari ajikazaye kupasua watu hali yeye mwenyewe ni mgonjwa. (Mgonjwa wa dharura ni habari nyingine, huyo hangoji.) Lakini daktari akiwa peke yake, tena akikatwa mshahara kwa kupumzika, ataficha ugonjwa wake. Tumemwagiza mjumbe wetu katika kamati ya hospitali aombe likizo ya ugonjwa yenye malipo kamili, na mpasuaji wa kuazimwa kutoka hospitali ya jirani.

Kwa upande wetu, tumekubali kwamba mwanachama aliyeahirishiwa siku atalipiwa nauli ya safari ya pili kutoka Mfuko wa Misaada. Asiondoke hospitalini bila tarehe mpya iliyoandikwa, na karatasi hiyo amletee Mweka Hazina.