Mtoto Anapokwenda Kuiona Bahari

Hotuba kwa wazazi wa Busia, Uganda, kabla ya likizo ya Desemba



Shule zinakaribia kufungwa, na ninajua humu ndani wamo waliowaahidi watoto safari ya Mombasa. Ni ahadi njema. Nami niliwahi kuitoa, nikaitimiza, na nusura nijute.

Tulikuwa ufukweni Bamburi. Binti yangu alikuwa na miaka saba. Nilidhani yuko kwa mama yake akichimba mchanga. Mama yake alidhani yuko nami. Tulipoulizana, mtoto hayupo. Miaka yote hiyo nimewahoji wazazi waliopotelewa na watoto, lakini siku ile sikuweza hata kukumbuka rangi ya gauni lake.

Alikuwa ameokotwa na muuza madafu. Mtoto alimtajia namba yangu ya simu bila kukosea, yule bwana akapiga mara tatu, simu haikupita. Namba inayoanza na sifuri haivuki mpaka. Ukiwa Kenya uanze na +256. Hilo sikuwa nimemfundisha. Alimkalisha kivulini mpaka tulipofika, tukihema, baada ya muda ambao kwangu ulikuwa kama mchana kutwa.

Nimetafakari sana kwa nini tulizembea, nikaona kwamba sisi wa mpakani hudanganywa na mazoea. Watoto wetu huvuka asubuhi kwenda shule upande wa pili, wakarudi jioni. Kwa hiyo tunasahau kwamba Mombasa, umbali wa kilomita 900 hivi, ni safari ya nchi ya kigeni. Tangu 2014 watu wazima wa Uganda, Kenya na Rwanda huweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Kitambulisho cha mzazi, hata hivyo, hakimbebi mtoto. Mtoto awe na hati yake ya kusafiria, na cheti cha kuzaliwa kiwe mkobani. Akisafiri na mjomba au shangazi, wazazi waandike barua ya ridhaa yenye namba zao za simu. Afisa akimzuia mjomba asiye na barua, msimwone mkorofi. Sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa watu ipo Uganda tangu 2009 na Kenya tangu 2010, na wasafirishaji nao hujiita wajomba.

Mazoea ya pili ni ya ziwa. Mtoto aliyekulia karibu na Ziwa Viktoria huamini kwamba maji hukaa yalipo. Bahari haikai. Hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huko Mombasa hupita mita 3. Maji yakipwa, mtoto huona uwanja mpana wa mchanga na mawe ya matumbawe, naye hutembea mbali akifuata kaa na samaki wadogo. Maji yanaporudi hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yake, kati yake na nchi kavu. Yeye bado amesimama pakavu, hana habari. Waulizeni wavuvi wa pale saa za maji kabla hamjavua viatu. Watawaambia kwa furaha.

Na mwambiane kwa jina ni nani anayemtazama mtoto saa hiyo. Anayetaka kwenda kununua soda amkabidhi mwenzake kwa kauli, asubiri jibu.

Simu ya bure ya msaada kwa watoto ni 116; hupokewa Uganda, Kenya na hata Tanzania. Barua za ridhaa tutasaidia kuziandika hapa kituoni. Njooni na vyeti mapema, si asubuhi ya safari huku basi likipiga honi.

Sasa nakaribisha maswali.