GIYA ZA NDANI YA KITOVU: FAIDA ZAKE KWA WENDAO KAZINI KWA BAISIKELI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumepewa nafasi tuseme machache juu ya baisikeli ya kwendea kazini. Huenda mtu akadhani kuwa jambo hili ni dogo, lisilostahili mkutano wa watu wazima. Walakini karani hutoka na kurudi kila siku ya kazi, mwaka hata mwaka, na chombo kimchoshacho kabla hajashika kalamu humpunguzia siha na mshahara pia. Twawajua wengi walioziacha baisikeli zao kwa sababu ya mlima mmoja tu ulio baina ya nyumba na ofisi, na tangu hapo nauli huwala kila mwezi. Nia yetu ni kuonyesha kwamba mlima huo una dawa.

Baisikeli tulizozizoea ni namna mbili: ile isiyo na giya, na ile yenye giya za nje, ambayo mnyororo wake huhamishwa kutoka gurudumu moja la meno hata jingine. Iko namna ya tatu, ambayo giya zake zimefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Hiyo ndiyo tunayoinenea leo.

Kitovu kilichojulikana sana cha namna hii ni Sturmey-Archer, kilichotengenezwa Nottingham, Uingereza, tangu mwaka wa 1902, chini ya Bwana Frank Bowden wa kampuni ya Raleigh. Kina majina ya Henry Sturmey na James Archer, lakini aliyekibuni hasa ni fundi William Reilly. Yeye alikuwa amefungwa na mkataba wa kazi yake ya kwanza, uliotaka kila atakachobuni kiwe mali ya waajiri wake. Kwa hiyo hati iliandikwa kwa jina la mwenzake Archer. Basi sisi tuwekao sahihi kila siku na tukumbuke kusoma mkataba mpaka mstari wa mwisho. Mwaka wa 1936 kikatoka kitovu kiitwacho AW, chenye giya tatu, kikaenea katika nchi nyingi. Kiwanda cha Nottingham hakipo tena. Mwaka wa 2000 kazi ile ilinunuliwa na kampuni ya SunRace ya Taiwan.

Wahenga walisema, “Usione vyaelea, vimeundwa.” Ndani ya AW, katika ekseli, pana gurudumu la meno 20 lisilozunguka. Kando yake vimo vigurudumu vinne vyenye meno 20 kila kimoja, vilivyoshikwa katika kizimba kimoja. Nje ya hivyo iko pete yenye meno 60 upande wake wa ndani. Katika giya ya kati, mnyororo huzungusha pete, na pete huzungusha kitovu, sawa kwa sawa. Katika giya nyepesi, mnyororo huzungusha pete, lakini kitovu hufuata kizimba. Pete izungukapo mara 4, kizimba huzunguka mara 3. Katika giya nzito mambo hugeuzwa: kizimba kikizunguka mara 3, pete na kitovu huzunguka mara 4. Kwa hiyo apandaye mlima kwa giya nyepesi hupunguziwa robo nzima ya nguvu za kukanyaga, ingawa atakanyaga mara nyingi zaidi.

Faida zake ni hizi. Kwanza, vyuma vimefunikwa, wala vumbi la kiangazi na tope la masika havivifikii upesi. Pili, mnyororo hukaa mahali pamoja, umenyoka. Hauliki upesi, na waweza kufunikwa wote, nguo za ofisi zikasalimika. Tatu, giya hubadilishwa hata baisikeli ikiwa imesimama. Mtu asimamishwapo njia panda huanza tena kwa giya nyepesi bila kuhangaika.

Si haki kuzificha hasara. Kitovu hiki ni kizito, na bei yake hupita ya kitovu cha kawaida. Ukipata pancha ya nyuma, huna budi kufungua waya wa giya kabla ya kutoa gurudumu. Tena, kikiharibika ndani, si kila fundi awezaye kukirekebisha. Mwenzetu akaaye Tanga, penye tambarare, pengine hana haja nacho. Bali akaaye Mbeya atakishukuru kila asubuhi.

Ama matunzo yake ni machache. Unapobadilisha giya, legeza miguu kidogo. Waya ukilegea au ukikazwa mno, huenda pedali zikazunguka bure baina ya giya ya kati na nzito, na aliyesimama juu ya pedali aweza kuanguka vibaya. Ili kuupima waya wa AW, weka giya ya kati, kisha chungulia tundu la nati ya upande wa kulia: bega la kijiti kilichoungwa na kinyororo liwe sawasawa na ncha ya ekseli. Kitovu chenye tundu la mafuta kitiwe matone machache ya mafuta mepesi ya mashine. Mafuta ya kupikia yasitiwe kamwe, kwani huganda.

Mwisho, twatoa shauri. Mwanachama anunuapo baisikeli iliyokwisha tumika, ajaribu giya zote tatu kabla ya kutoa fedha. Tena, fundi akimshauri aing'oe mitambo ya ndani ili baisikeli iwe “rahisi,” asikubali upesi. Mara nyingi kosa ni la waya tu, na kuunyosha waya ni kazi ya dakika chache. Mali bila daftari huisha bila habari: kila mmoja na aandike nauli yake ya mwezi mmoja, kisha ailinganishe na bei ya kitovu. Hesabu hiyo itamwonyesha kama yampasa kununua au la.