Mguu wa Kibarua wa Lorugum

Nyongeza ya asilimia 6 ya kima cha chini cha mshahara, iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024, imeshapigiwa makofi. Kinachotia wasiwasi ni kile ambacho nyongeza hiyo haikugusa: mafungu ya maeneo yanayoamua kima hicho.

Kibarua wa kawaida wa Nairobi, Mombasa au Kisumu kwa nyongeza hiyo aliwekewa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Mwenzake wa Lorugum, kule Loima katika kaunti ya Turkana, aliye katika fungu la maeneo mengine, aliwekewa 8,596.49.

Sasa wote wawili waumie. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, WIBA, inataka aliyeshindwa kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi aendelee kulipwa mapato yake, kwa muda usiozidi miezi 12. Mapato yapi? Yale yale ya fungu lake. Mguu ni ule ule, plasta ni ile ile, ila wa Lorugum anauguza jeraha kwa nusu na ushee ya pesa za mwenzake.

Na huyo ni aliyebahatika kulipwa.

Mpakiaji wa mchanga kwenye laga, yaani mkondo wa mto mkavu, lori likimkanyaga mguu, hana barua ya kuajiriwa. Ana namba ya simu ya msimamizi tu. Anapewa nauli ya kufika hospitali ya rufaa ya Lodwar, na kesho yake jina lake halimo daftarini. Bandeji haijatolewa, tayari amerudi na koleo lake. Njaa ndiyo imemrudisha, si daktari.

Aliyeajiriwa rasmi naye, akiumia kazini, huhesabiwa likizo ya ugonjwa: siku 7 za mshahara kamili, 7 za nusu mshahara, kisha kimya. Siku hizo 14 ni za Sheria ya Ajira. Za jeraha la kazini ni za WIBA, na mwajiri anajua.

Mwajiri anatakiwa kukata bima. Mwajiri anatakiwa kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 3 Desemba 2019, madai huanzia kwa Mkurugenzi huyo. Mwajiri akinyamaza, aliyeumia anahangaika peke yake. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, waajiri wanauchangia na mfuko ndio unaolipa. Kenya imemwachia kila mwajiri bima yake, na kibarua wa Loima ndiye anayeumia mara mbili.

Basi mafungu hayo yatazamwe upya, kwa maana mguu ni ule ule! Serikali ya kaunti isimlipe mwanakandarasi yeyote, awe Lodwar au Kakuma, kabla hajaonyesha cheti cha bima ya wafanyakazi wake. Wakaguzi wa kazi wafike laga na kwenye mijengo, wasingoje mjini. Na kila aliyeumia amwarifu mwajiri siku hiyo hiyo, hata kwa mdomo, mbele ya shahidi, na apeleke dai lake kabla miezi 12 haijaisha.