Intaneti Ikikwama Nyumbani, Kagua Waya Kabla ya Kuongeza Kifurushi

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa Kamakis, Ruiru



Jioni inapoingia kwenye majumba ya kupanga kando ya Eastern Bypass, na moshi wa nyama choma ukianza kupanda, kila ghorofa huingia mtandaoni kwa wakati mmoja. Tuseme kuna mama katika ghorofa ya tatu anayefanya kazi ya kunukuu sauti mtandaoni. Kazi yake inatakiwa kabla ya saa sita usiku. Anaituma, kiduara kinazunguka, haiendi. Kesho yake anaongeza kifurushi kutoka megabiti 10 hadi 20 kwa sekunde na kuanza kulipa zaidi kila mwezi. Wiki inaisha, na kiduara kingali kinazunguka.

Mara nyingi pesa za namna hiyo huenda bure. Hitilafu iko ndani ya nyumba yake, kwenye waya wa mita 15 unaotoka kwenye kisanduku kando ya mlango hadi meza ya chumbani.

Jambo hili si geni. Waya wa simu za zamani ulikusudiwa kubeba sauti. Mwenye nyumba aliyetaka simu ya pili chumbani aliongezewa tawi la waya, na mazungumzo yaliendelea vizuri. Intaneti ilipoanza kupitishwa kwenye waya huohuo, kila tawi lilirudisha mwangwi na kunasa kelele za redio na za vifaa vya umeme. Dawa ilikuwa kukata matawi yasiyotumika, kuweka modemu kwenye soketi ya kwanza pale laini inapoingia, na kuitenganisha simu kwa kichujio. Kasi ilipanda bila mtu kugusa nguzo hata moja huko nje.

Kisha kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa mwaka 2009, na miaka iliyofuata faiba ikaanza kuingia mitaani. Majumba mengi ya Kamakis ni mapya na hayakuwahi kuwa na simu ya waya. Hata hivyo kosa la zamani limehamia humo. Faiba huleta mwanga hadi kwenye kisanduku chenye taa. Kisanduku hugeuza mwanga kuwa umeme. Na kutoka hapo mara nyingi kazi inaachiwa waya wowote uliopatikana.

Waya mbaya kuliko zote ni ule bapa wa simu. Fundi mwenye haraka huufunga kwenye kiunganishi cha mtandao na kuona kazi imekwisha. Waya wa mtandao una nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, na msokoto huo ndio unaozuia kelele ya jozi moja kuingia nyingine. Waya bapa hauna msokoto. Taarifa zinaharibika njiani, zinatumwa upya, zinaharibika tena, na aliye mezani anaona tu kwamba mtandao ni mzito.

Kosa la pili hujificha zaidi. Fundi anatumia waya sahihi, lakini anapanga rangi kama zilivyo jozi, moja baada ya nyingine, na kufanya vivyo hivyo upande wa pili. Kipimo rahisi cha taa kitasema kila uzi umefika. Lakini tundu la tatu na la sita hufanya kazi pamoja, na lazima zipate nyuzi za jozi moja. Mpangilio unaotumika sana ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kiunganishi huwa cha plastiki angavu, kwa hiyo mkazi anaweza kuzisoma rangi mwenyewe. Fundi asiyetaka zisomwe kabla ya kuficha waya ukutani asilipwe siku hiyo.

Tena kuna waya wa alumini uliopakwa shaba, unaouzwa kama shaba tupu. Ni mwepesi na hukatika upesi kwenye kona. Ukikwaruza uzi kwa kisu na weupe ukatokea, ndio huo. Waya wa shaba wa daraja la Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, umbali unaotosha nyumba yoyote ya hapa. Jozi moja ikikatika, laini inaweza kuendelea kufanya kazi lakini ikashuka hadi megabiti 100, na mwenye kifurushi kikubwa asijue anapunjwa na waya wake mwenyewe.

Je, waifai peke yake haitoshi? Katika chumba kimoja, inatosha. Lakini kuta nyingi za huku ni za mawe ya machimbo ya Ndarugo, na sakafu ni za zege. Mawimbi ya gigahezi 5 yana kasi ila hudhoofika haraka ukutani. Ya gigahezi 2.4 hupenya zaidi, lakini hugombaniwa na ruta za majirani wote. Kuvuta waya mmoja mzuri hadi chumba cha kazi hulipiwa mara moja tu. Kifurushi hulipiwa kila mwezi.

Kabla ya kununua chochote, pimeni. Zimeni vifaa vingine, unganisheni kompyuta kwenye kisanduku kwa waya mfupi ulio mzima, mpime kasi mchana na usiku. Kisha mpime kule mezani kwa waya wa kila siku. Kisandukuni ikiwa sawa na mezani ni duni, kosa ni la ndani. Kisandukuni nako ikiwa duni, mpigieni mtoa huduma, msiguse faiba. Uzi huo ni wa kioo, haupendi kukunjwa kwa kona kali, na mwanga wake hauonekani lakini unaweza kudhuru jicho. Asiwepo mtoto wa kuchungulia ncha yake.

Waya wa mtandao usipitishwe kwenye paipu moja na waya wa stima. Usining'inizwe nje kutoka jengo hadi jengo, kwani maji ya masika huingia kwenye maungio na radi huweza kuufuata hadi kwenye kompyuta. Mpangaji aombe ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta, tena kwa maandishi, maana kesi za amana huanzia hapo.

Leseni za watoa huduma na za mafundi wa mawasiliano hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, si Serikali ya Kaunti ya Kiambu. Malalamiko huanzia kwa kampuni yenyewe. Yasipotatuliwa, ndipo yapelekwe kwa Mamlaka. Yule mama wa ghorofa ya tatu akifika huko, awe na tarehe, saa, kasi iliyopimwa kisandukuni na risiti ya kifurushi.