Andika Wosia Ungali Hai

Kuandika wosia si uchuro. Ni kuwaepusha wanao na ugomvi baada ya matanga.

Shamba ni la nani? Mwenzi wako ataishi wapi? Watoto wadogo atawalea nani? Wewe uzikwe wapi? Yaseme sasa, ungali na akili timamu.

Andika, weka tarehe, kisha tia saini mbele ya mashahidi wasio warithi wako. Usiufiche chini ya godoro. Hapa Tanzania, RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, hupokea na kuhifadhi wosia. Mwambie mtu unayemwamini wosia ulipo. Ukipata mtoto au ukinunua kiwanja, uandike upya.

Wosia si uchuro. Andika wosia wako wiki hii.